Vumbi la moshi wa makaa ya mawe: kinasa cha umeme au kichujio cha mifuko?

Karibu na mji wa eMalahleni, katika jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, kipo kituo cha kufua umeme kinachoitwa Duvha. Kilikamilika mwaka 1984 kikiwa na mitambo sita, kila mmoja wa megawati 600, na mabomba ya moshi yenye kimo cha mita 300. Mitambo yote sita ilianza na vinasa vumbi vya umeme. Mwaka 1993 mitatu kati yake ikawekewa vichujio vya mifuko, na mitatu ikaachwa ilivyo. Makaa yalikuwa yaleyale, na uwanja ni mmoja. Anayetaka kulinganisha njia hizi mbili angesimama pale na kutazama kushoto, kisha kulia.

Ninaandika kwa ajili ya afisa wa mazingira anayepewa ripoti ya mradi aisome kwa wiki mbili, kwa fundi anayeulizwa maoni yake, na zaidi kwa mkazi anayeitwa kwenye kikao cha wananchi akaambiwa moshi "utachujwa". Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa makaa yenye majivu mengi na salfa kidogo, kama ya Mpumalanga, ninachagua mifuko. Sababu yangu kubwa hata hivyo si ile ya asilimia ambayo wauzaji hupenda kuitaja. Nitaifikia.

Kwanza, ni vumbi gani tunalotaka kulinasa

Makaa ya mawe husagwa yakawa laini kama poda, kisha hupulizwa ndani ya tanuri ambamo joto hupita nyuzi 1,400. Kaboni inaungua ndani ya sekunde chache. Udongo na mawe yaliyokuwa ndani ya makaa hayaungui. Yanayeyuka, na yakipoa yanakuwa vidonge vya duara kama shanga za kioo. Shanga nyingi zina upana wa mikroni moja hadi makumi kadhaa. Sehemu ndogo ya majivu huanguka chini ya tanuri. Iliyobaki, kwa kawaida asilimia 80 au zaidi, hupanda na moshi. Hayo ndiyo majivu mepesi.

Lakini kuna sehemu nyingine, mara nyingi haizidi asilimia moja au mbili ya majivu yote, ambayo haiishii kuyeyuka. Inageuka mvuke. Sodiamu, potasiamu, kiasi fulani cha silika, na pamoja nazo arseniki, seleniamu na risasi, hupaa kama mvuke ndani ya moto ule. Moshi unapoanza kupoa, mvuke huo huganda kuwa chembe ndogo mno, chembe zinagongana na kushikamana, na mwisho zinafikia upana wa kama sehemu ya kumi ya mikroni. Unywele wa mtu una mikroni 50 hadi 70. Mvuke ambao haukuganda wenyewe hutanda juu ya chembe zilizokwishakuwepo, na kwa kuwa chembe ndogo zina eneo kubwa la nje zikilinganishwa na uzito wake, sumu hukusanyika kwao. Ukipima arseniki iliyo katika kila gramu ya vumbi, utaikuta nyingi zaidi kwenye vumbi laini kuliko kwenye majivu mazito.

Hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia. Uzito uko kwenye shanga kubwa, na kila chujio linajua kuzikamata. Madhara yako kwenye zile ndogo. Chembe za chini ya mikroni 2.5, ambazo wataalamu huziandika PM2.5, hupita puani na kooni zikaenda hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la hewa ya nje kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango linachopendekeza cha PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kiwango cha Afrika Kusini kilichoanza kutumika 2016 kiliruhusu 20.

Kinasa cha umeme

Wazo lenyewe ni la zaidi ya miaka mia moja. Frederick Cottrell wa California alilifanyia kazi kuanzia 1907 hivi, akitaka kunasa ukungu wa asidi ya salfuriki viwandani. Mwaka 1923 likatumika kwa mara ya kwanza kwenye moshi wa boila za makaa, katika kituo cha Trenton Channel karibu na Detroit, na tangu hapo likaenea duniani kote.

Moshi unapitishwa polepole, kama mita moja hadi moja na nusu kwa sekunde, katikati ya mabamba marefu ya chuma. Kati ya bamba na bamba zimening'inizwa waya zenye umeme wa makumi ya maelfu ya volti. Hewa iliyo karibu na waya huvunjika kuwa ioni, ioni zinaishikilia chembe, na chembe ikishapata chaji inavutwa hadi kwenye bamba. Baada ya muda nyundo inagonga bamba, vumbi linaporomoka kwenye faneli kubwa iliyo chini, ambayo mafundi huiita hopa.

Uzuri wake ni mwingi na ni wa kweli. Moshi haukutani na kizuizi chochote, kwa hiyo feni haisukumi kwa nguvu. Chuma kinavumilia joto na asidi. Kikitunzwa kinafanya kazi miongo mingi. Ndiyo maana vituo vingi vilivyojengwa karne iliyopita vina kinasa hiki.

Udhaifu wake umejificha kwenye jambo ambalo mnunuzi wa kawaida haulizi: ukinzani wa majivu, yaani jinsi yanavyokataa kupitisha umeme. Majivu yakipitisha umeme vizuri kiasi, chaji hupungua taratibu kwenye bamba na vumbi hukaa hadi ligongwe. Yakikataa kabisa, chaji inakwama juu ya tabaka la vumbi, inajilimbikiza, kisha inapasuka kwa cheche za kinyume zinazorudisha vumbi kwenye moshi na kulazimisha volti ishushwe. Kinachoyasaidia majivu yapitishe umeme ni asidi kidogo inayotokana na salfa ya makaa. Makaa yenye salfa kidogo, ambayo kila mtu angeyaita safi, huzaa majivu magumu kunaswa kwa umeme. Makaa ya Mpumalanga yana salfa kama asilimia moja hivi na majivu yanayokaribia asilimia 30, mengi yakiwa silika na alumina. Ni kama yameumbwa kumshinda Cottrell.

Wamarekani walikutana na taabu hiyohiyo miaka ya 1970, sheria ya hewa safi ilipowasukuma kuhamia kwenye makaa ya magharibi yenye salfa kidogo. Dawa iliyopatikana, ambayo Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, pia inaitumia kwenye vituo kadhaa, ni kuunguza salfa pembeni, kuigeuza kuwa trioksaidi ya salfa, na kuipuliza ndani ya moshi kabla haujafika kwenye kinasa. Inafanya kazi. Lakini sasa una kiwanda kidogo cha kemikali ambacho kikisimama, kinasa chako kinakuwa nusu ya kinasa.

Nusu hiyo ina hesabu yake. Walther Deutsch aliiandika mwaka 1922: kinachopita kinategemea eneo la mabamba, wingi wa moshi, na kasi ambayo chembe inahamia kwenye bamba, na uhusiano wake si wa mstari ulionyooka. Chukua kinasa kinachokamata asilimia 99.5. Majivu yakibadilika na kasi ile ikashuka nusu, kinasa hichohicho, bila bamba hata moja kung'oka, kitakamata chini ya asilimia 93. Kilichokuwa kinapita kimezidi mara kumi na nne. Mgodi ulibadilisha tabaka la makaa, basi.

Tena, hata siku njema, kuna dirisha ambalo kinasa hiki hakilifungi vizuri. Chembe kubwa hupata chaji upesi. Chembe ndogo mno hutangatanga na kukutana na ioni zenyewe. Zilizo katikati, kati ya mikroni 0.1 na 1, hazipati msaada wa kutosha wa upande wowote, na kwa hizo ufanisi unaweza kushuka hadi asilimia 90 na kitu wakati tarakimu ya jumla bado inasoma 99 na zaidi. Katika dirisha hilohilo ndimo ulimo mvuke ulioganda, pamoja na arseniki yake.

Kichujio cha mifuko

Ukiwahi kuona kifagio cha umeme chenye mfuko ndani, umeshaelewa nusu. Moshi unaingia kwenye nyumba kubwa ya chuma iliyojaa mifuko mirefu ya kitambaa, kila mmoja una upana kama wa sahani ndogo na urefu unaofikia mita 8, umevalishwa fremu ya waya usijikunje. Moshi unapita kutoka nje kwenda ndani na vumbi linabaki juu ya kitambaa. Kila baada ya muda mpigo mfupi wa hewa ya kompresa unashuka ndani ya mfuko, unautikisa, na vumbi linaanguka hopani.

Watu wengi hudhani kitambaa ndicho kinachochuja. Kitambaa kipya huchuja ovyo. Kinachochuja ni utando wa vumbi lenyewe juu ya kitambaa, ambao moshi unapaswa kujipenyeza ndani yake, na katika njia ile nyembamba yenye kona nyingi hata chembe za dirisha la mikroni 0.1 hadi 1 hugonga pembeni na kukwama. Mfumo uliotunzwa hukamata zaidi ya asilimia 99 ya chembe hizo pia, na jumla hupita 99.9. Ukinzani wa majivu hauuhusu mfumo huu. Mgodi ukibadilisha tabaka, mfuko haujui.

Kwa mtambo mmoja wa megawati 600, nikikadiria moshi wa kama mita za ujazo 950 kwa sekunde na kupitisha mita moja kwa dakika kwenye kitambaa, ninapata mifuko inayozidi 17,000. Kila mfuko una mshono, na kila mshono ni mahali pa kuvuja. Niliwahi kuingia na mafundi kwenye nyumba ya mifuko ya kiwanda kimoja, mtambo ukiwa umezimwa, kutafuta mfuko mmoja uliopasuka. Tulipuliza unga unaong'aa upande wa vumbi, tukazima taa, tukapita juu ya vichwa vya mifuko tukimulika kwa tochi ya mwanga wa urujuani. Safu baada ya safu ilikuwa giza. Kisha mdomo mmoja ukawaka. Mfuko uliopasuka hujionyesha, na unabadilishwa. Sijawahi kuona mtu akimulika tochi kwenye kinasa cha umeme na kuonyeshwa kwa kidole mahali vumbi laini linapopitia.

Mifuko ina maadui wake. Joto ni la kwanza: kitambaa cha PPS, aina ya plastiki inayotumika sana kwenye boila za makaa, hakitaki kuzidi nyuzi 190 hivi, na cha akriliki kinachoka mapema zaidi. Kipoza moshi kikikwama kwa nusu saa unaweza kupoteza mifuko ya mamilioni ya shilingi. Mafuta ya kuwashia boila ni adui wa pili, kwa kuwa yakiungua vibaya yanapaka kitambaa utando wa lami usiotikisika; ndiyo maana mifuko mipya hupakwa chokaa kabla ya moto wa kwanza. Makaa yenye salfa nyingi huleta asidi inayodondoka moshi ukipoa na kula nyuzi. Na hata bila ajali, mfuko hudumu miaka mitatu hadi mitano.

Asilimia zinazopigiwa makofi

Kwenye kikao kimoja cha wananchi nilichohudhuria, mtaalamu wa mwekezaji alisimama akasema mtambo "utaondoa asilimia 99 ya vumbi", na ukumbi ukapiga makofi. Niliumia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewapa watu wale kalamu na karatasi.

Tuifanye hapa. Mtambo wa megawati 600 unaotumia makaa ya aina ya Mpumalanga huchoma kama tani 330 kwa saa. Asilimia 30 ni majivu: tani 99. Tuseme asilimia 85 yanapaa: tani 84 kila saa, sawa na gramu 35 hivi katika kila mita ya ujazo ya moshi, ukihesabiwa kana kwamba umepozwa hadi nyuzi sifuri. Asilimia 99 ikinaswa, kilo 840 zinatoka kila saa. Ikiwa 99.5, kilo 420. Ikiwa 99.9, kilo 84. Kati ya 99 na 99.9 sikio halisikii tofauti; jirani wa bomba anavuta mara kumi.

Sheria ya Afrika Kusini iliyotangazwa 2010 iliweka kikomo cha miligramu 100 kwa mita ya ujazo kwa vituo vya zamani kuanzia 2015, na miligramu 50 kwa vituo vipya, ambayo kila kituo kingetakiwa kuifikia kuanzia 2020. Kwa gramu 35 zinazoingia, miligramu 50 ni sawa na kunasa asilimia 99.86. China, tangu 2014, inasukuma vituo vyake kufikia miligramu 10. Kwa makaa haya hiyo ni 99.97. Kinasa cha umeme kinaweza kufika huko, kwa mabamba mengi, transfoma za kisasa, moshi uliopozwa, na wakati mwingine kinasa kingine chenye maji mwishoni. Mifuko inafika ikiwa peke yake.

Kwa hiyo usikubali asilimia. Dai miligramu kwa mita ya ujazo, na uulize wastani wake ni wa saa, siku au mwezi.

Vinavyoharibika

Sababu yangu ya kuegemea kwenye mifuko ni hii.

Kinasa cha umeme kikiharibika, moshi unaendelea kupita. Waya ikikatika, sehemu moja ikazimwa, hopa ikijaa hadi majivu yakagusa mabamba na kupiga shoti, mtambo hausikii lolote. Umeme unaendelea kuzalishwa, mita inaendelea kusoma, mapato yanaendelea kuingia. Anayeumia ni yule aliyeanika nguo upande wa upepo.

Kichujio cha mifuko kikiziba, moshi haupiti. Feni inahangaika, tanuri linakosa pumzi, na mwendeshaji analazimika kupunguza megawati hadi alitatue. Hasara inamfika yeye kabla haijamfika jirani. Ndiyo, mfuko uliopasuka unavujisha, lakini unavujisha sehemu yake tu, na nyumba ya mifuko imegawanywa vyumba; chumba kimoja kinafungwa, mafundi wanabadilisha, vingine vinaendelea.

Kituo cha Kendal, katika jimbo hilohilo, kina mitambo sita na vinasa vya umeme. Baada ya mgomo wa wafanyakazi wa 2018 mfumo wa kuondoa majivu uliharibika na vinasa vikaumia. Vumbi likatoka mara nyingi kuliko kibali kilivyoruhusu, na halikuisha wiki ile wala mwezi ule. Mwishoni mwa 2019 serikali ikatoa ilani ya kulazimisha marekebisho, na baadaye shirika la Eskom likafunguliwa mashitaka ya jinai. Katika kipindi hicho nchi ilirudi mara kwa mara kwenye mgao wa umeme, na kila aliyetaka mtambo uzimwe utengenezwe alijibiwa kwa giza. Sisi tunaoujua mgao tunaelewa jinsi jibu hilo linavyofunga midomo. Kwa hiyo ninapochagua, nachagua kifaa ambacho kikiugua hakimpi mwendeshaji nafasi ya kusubiri.

Kuna hila moja ya kuangalia. Vichujio vingine vya mifuko hujengwa na njia ya pembeni, ili moshi uzunguke mifuko wakati wa kuwasha au wa hatari. Njia hiyo ikiwepo na haina kufuli wala kumbukumbu, yote niliyosema hapo juu yanapungua uzito.

Gharama, kwa ufupi

Mifuko hula umeme wa feni. Kwa mtambo tuliokuwa tukiukadiria, kizuizi cha kilopaskali 1.5 ni kama megawati 2, yaani theluthi moja ya asilimia ya umeme wote. Kinasa cha umeme nacho kina transfoma na hita zake, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyosemwa. Gharama inayouma ni mifuko 17,000 kila baada ya miaka michache, mara nyingi kwa fedha za kigeni. Ikiwa bajeti ya matengenezo hukatwa kila mwaka mahali hapo, liseme hilo waziwazi kabla ya kununua; mifuko iliyozeeka ni mibaya kuliko kinasa cha umeme kilichotunzwa.

Ambacho hakuna kati yao anayekinasa

Sehemu hii huachwa nje ya ulinganisho mwingi, na ni kubwa. Tani 330 za makaa yenye salfa asilimia moja hutoa zaidi ya tani 6 za gesi ya salfadayoksaidi kila saa. Gesi hupita kwenye mabamba na kwenye kitambaa kama upepo kwenye wavu wa samaki. Ikishatoka juu ya bomba, inakutana na jua, unyevu na amonia ya mashamba, na kwa saa na siku kadhaa inageuka kuwa chembe za salfeti, ambazo nazo ni PM2.5. Oksaidi za naitrojeni hufanya vivyo hivyo na kuwa naitreti. Chembe hizi huzaliwa njiani, mamia ya kilomita kutoka kituoni, na huvutwa na watu ambao hawajawahi kuliona bomba lile.

Hata sehemu ya kumi tu ya gesi ile ikigeuka salfeti, ni karibu tani moja ya vumbi laini kwa saa, mbele ya kilo 84 zinazopita kwenye mifuko. Bomba refu la mita 300 halipunguzi hata gramu moja, linapeleka mbali.

Kituo cha Kusile, jirani wa Kendal, kilijengwa kikiwa na mifuko na pia mtambo wa kuosha salfa kwa chokaa, wa kwanza wa aina hiyo kwa Eskom. Oktoba 2022 njia ya moshi ya mtambo namba 1 iliporomoka ndani ya bomba, na mitambo mitatu ikasimama. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kurudi kupitia mabomba ya muda, bila kuoshwa salfa. Mifuko ilikuwepo, vumbi la majivu likanaswa, na bado gesi inayozaa vumbi laini ikaongezeka juu ya eneo ambalo mahakama kuu ya Pretoria, Machi 2022, ilikuwa imeshasema hewa yake inavunja haki ya kikatiba ya wakazi.

Mifuko ina faida ndogo hapa: ukipuliza unga wa chokaa kabla yake, utando ulio juu ya kitambaa hunasa kiasi cha gesi moshi unapojipenyeza. Unga wa kaboni hunasa zebaki kwa njia hiyohiyo. Hiyo haifiki popote karibu na kuosha salfa kwa ukamilifu.

Basi, kipi kwa nani

Makaa yenye majivu mengi na salfa kidogo, au makaa yatakayotoka migodi tofauti kulingana na bei: mifuko, bila kusita. Makaa yenye salfa nyingi na ya chanzo kimoja, yenye mtambo wa kuosha salfa nyuma yake: kinasa cha umeme kikubwa kinastahili, kwa sababu asidi ingeila mifuko na majivu yatanaswa vizuri, ilimradi kikomo ni miligramu na si asilimia. Kituo cha zamani chenye kinasa kilichochoka: angalia kama ganda lake la chuma linaweza kuvuliwa mabamba na kuvalishwa mifuko, kama Eskom ilivyofanya kwenye zaidi ya kituo kimoja. Wapo pia wanaoacha sehemu ya kwanza ya kinasa ifanye kazi nzito na kuweka mifuko nyuma yake. Mifuko hudumu zaidi, lakini una mifumo miwili ya kutunza.

Kwetu jambo hili si la mbali. Mradi wa Lamu wa megawati 1,050 ulifutiwa kibali na mahakama ya mazingira ya Kenya Juni 2019, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Viwanda vya saruji vya Tanzania huchoma makaa ya Ruvuma, na vumbi la tanuri zao linanaswa kwa vifaa hivihivi viwili. Ukiitwa kwenye kikao, uliza makaa yatatoka wapi na salfa yake ni kiasi gani. Uliza ukinzani wa majivu umepimwa na nani. Uliza kama njia ya pembeni ipo na nani ana ufunguo wake. Uliza salfa itaoshwa au la, na tarehe ya kuanza.

Swali la mwisho liulize ukiwa umesimama, na uombe liandikwe kwenye kumbukumbu: kinasa kikiharibika, mtambo utazimwa baada ya saa ngapi? Sheria ya Afrika Kusini hutoa saa 48 kabla hitilafu haijahesabiwa kuwa tukio la kuripotiwa. Wewe taja idadi yako, na usikae hadi waitaje yao.